Mwalimu Aliyepima Ukingo wa Mchanga

Mwalimu wa Hesabu wa shule yetu hakuwa mtu wa kutazama watu. Alitazama nafasi zilizo katikati yao. Saa ya chakula cha mchana, wanafunzi walipopanga foleni na sahani zao mbele ya jiko, sisi walimu wa zamu tulihangaika na wanaosukumana, na yeye alisimama pembeni, mikono nyuma, akitabasamu peke yake. Siku za mwanzo nilidhani anachagua wa kumchapa. Nilipomuuliza anaona nini, aliniambia nisitazame watoto, nitazame uwazi. Mtoto wa mbele akisogea anaacha uwazi nyuma yake. Wa pili anauziba, na uwazi unahamia nyuma ya wa pili, kisha nyuma ya wa tatu, mpaka unatokea mlangoni. Watu wanakwenda mbele, uwazi unarudi nyuma. Nikatazama, na kweli nikauona. Tangu siku ile sijapanga foleni ya benki kwa amani, na lawama zote ni zake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilifika Kibaha kutoka Njombe nikiwa bado msichana, nikapewa meza inayotazamana na yake katika chumba cha walimu, na tukakaa hivyo miaka mingi hadi alipostaafu. Hesabu nilizikimbia tangu kidato cha pili. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni yale aliyonieleza kwa lugha ya kunihurumia, na kama kuna mtaalamu atakayesoma na kukunja uso, amkunjie mzee, asinikunjie mimi.

Ujanani alianza masomo makubwa chuoni juu ya jambo hilohilo la foleni na uwazi, akayaacha njiani kwa sababu ambazo hakuwahi kuzisema. Masomo yenyewe hayakumwacha. Alisema fikiria chembe nyingi zimejipanga kwenye mstari, na kila chembe ina shilingi yake ya kurusha. Ikianguka upande wa mwenge juu na mbele pakiwa wazi, inasogea hatua moja. Mbele pakiwa na mwenzake, inangoja. Basi, hakuna kanuni nyingine. Ukizisogelea karibu utaona vurugu tupu, kila moja na bahati yake. Ukirudi nyuma mbali ya kutosha, vurugu inalainika na kuwa umbo moja linalokwenda kwa utaratibu, na utaratibu huo unaandikika kwenye mstari mmoja wa hesabu. Alipofika hapo alikuwa akinyamaza kidogo ili nistaajabu. Mara nyingine nilistaajabu, mara nyingine nilikuwa nasahihisha insha.

Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa umbo lile laini. Yalikuwa makunyanzi yanayobaki juu yake. Alisema ukingo wa kitu kinachokua au kinacholika kwa bahati nasibu hauwi laini kabisa, na makunyanzi yake nayo yana sheria. Muda ukizidi mara nane, makunyanzi yanakua mara mbili tu. Na sheria hiyo, alisema, haijali kitu chenyewe ni nini. Karatasi inayoungua polepole au kitu kingine kisichofanana nayo hata kidogo, ukingo unakunjamana kwa namna ileile, mradi kila sehemu inamtazama jirani yake kabla ya kusogea.

Sijui kwa nini habari hiyo ilinitia baridi mara ya kwanza. Labda kwa sababu alivyoisema alishusha sauti.

Karatasi alizichoma kweli. Alichukua karatasi tupu, akaiweka juu ya mfuniko wa bati dirishani, akaitia moto upande mmoja halafu akauzima ule mwali, ubaki moto usio na ndimi, unaotambaa tu. Kisha aliinama na kuutazama ule mstari mwekundu ukila weupe. Chumba cha walimu kilinuka moshi, mkuu wa shule alilalamika, na mama aliyekuwa akitufagilia alieneza habari kwamba mzee anachoma majina ya maadui zake. Habari ilipomfikia alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu akawasha nyingine. Niliwahi kumsikia akiiambia karatasi taratibu, "Sasa hapo umekimbilia wapi?", kwa sababu sehemu moja ya ule mstari ilikuwa imetangulia nyingine.

Kidato cha tatu aliwapanga kwenye uwanja wa paredi, kila mwanafunzi na shilingi yake, akawachezesha mchezo wa chembe. Siku moja alimchagua msichana mmoja katikati ya mstari akampa shilingi mbili: yeye atasogea zikianguka mwenge zote mbili tu. Kwa muda mfupi hakikuonekana kitu. Kisha nyuma yake watoto walianza kubanana, na mbele yake uwanja ukawa mtupu. Msichana yule alikaribia kulia. Alimuuliza mwalimu kosa lake ni nini.

"Huna kosa," alimwambia. "Lakini hakuna atakayekupita."

Ofisini alinieleza kwa furaha kubwa kwamba hata angemchelewesha kidogo sana, kidogo kiasi cha mtu kutogundua, bado mstari mzima ungekuja kuhisi. Wataalamu walibishana muda mrefu kama ni kweli, na jibu likawa ni kweli. Mahali pamoja palipo pazito panatosha. Nilimwambia hiyo hata dereva wa lori wa barabara ya Morogoro anaijua. Akasema dereva anaijua, lakini dereva hawezi kuithibitisha, na akatabasamu kwa ushindi.

Alikuwa na kauli moja iliyowaudhi wazazi. Mama mmoja alikuja kumuuliza kama binti yake atafaulu, naye akamjibu, "Darasa naweza kukuambia. Mtoto mmoja, muulize Mungu." Mama aliondoka amekasirika, na alikuwa na haki. Nami nilimwambia mzee kwamba ana roho ya jiwe. Likizo nzima nilimwona akija shuleni asubuhi, akikaa na binti yule kwenye darasa tupu, wakirudia maswali yaleyale. Ndivyo alivyokuwa. Kwa mdomo alikataa kabisa kumjua mtu mmoja mmoja, na kwa vitendo hakuweza kumwacha hata mmoja. Neno inshallah alilitumia kwa uangalifu kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Hakulitupia mwisho wa sentensi ili aachwe aende zake. Alisema kiasi anachokijua, akatua, kisha ndipo akalisema.

Chai aliinywa ikiwa imepoa. Viatu aling'arisha kila siku, lakini kamba za kiatu cha kushoto hazikuwahi kufanana na za kulia, na mtu akimwambia alitazama chini kwa mshangao kila mara. Alichelewa vikao vyote. Mara kwa mara alikuja mezani kwangu kuomba neno la Kiswahili la jambo fulani la hesabu zake, nami nikimpa alilionja, akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Makunyanzi ni neno langu. Alilikubali baada ya kulikataa kwa muhula mzima.

Kwao ni Mzenga, huko Kisarawe. Dada yake mkubwa aliishi kwenye nyumba ya wazee wao, na mwalimu alikwenda kumwona kila alipopata nafasi, kwa njia ya Mlandizi. Nilianza kufuatana naye nilipopata hamu ya mihogo ya kule, na kwa sababu dada mtu alinipenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha, na mwalimu mbele yake aligeuka mtoto. "Shikamoo dada," alisema tangu akiwa mbali, na yeye aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kazi yake, kisha akamuuliza kwa nini amekonda.

Machimbo ya mchanga yalianza upande wa pili wa mikorosho, mbali kabisa na nyumba. Malori yalikuja kuchukua mchanga wa kujengea mjini. Vijana wenye machepe walikata ukingo wa shimo kutoka juu, mchanga ukashuka, wakaupakia. Walikuwa na desturi zao. Makaburi hawakuyagusa. Shimo lilipokaribia makaburi ya ukoo wa mwalimu, yaliyokuwa kati ya machimbo na nyumba, waliyazunguka na kuacha ardhi ya kutosha pande zote, na mkubwa wao alikuja kumwomba dada radhi kwa kelele. Baadaye mchanga mzuri uliisha, malori yakahamia kwingine, vijana wakaondoka. Shimo likabaki. Mvua ikaendelea na kazi pale walipoachia.

Mara ya kwanza nilipofika pale nilisimama na kusikiliza. Hakukuwa na mtu, hakukuwa na upepo, na bado kulikuwa na sauti ndogo ya mchanga unaoteremka mahali fulani chini, unatulia, unaanza tena. Nilirudi nyuma hatua kadhaa bila kuambiwa. Mwalimu yeye alikwenda hadi karibu na ukingo, akachuchumaa, na sura yake ilikuwa ileile ya dirishani kwenye karatasi.

Alipigilia vijiti kufuata ukingo wote, akawa anavipima kila baada ya mvua. Nilimwona akifurahi siku alipohakikisha kwamba ukingo ule unakunjamana kama alivyotarajia. Ujana wake wote alikuwa ameifukuza sheria ile kwenye vitabu, na sasa ameikuta nyuma ya nyumba yao. Sikumlaumu. Nilichoona ni kwamba dada yake alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, akitutazama.

Serikali ya kijiji ilikuwa imetafuta mahali pa kuwahamishia wale wa karibu na shimo, upande wa juu, ng'ambo ya barabara. Nyumba zilikuwa chache, zimejipanga pande zote mbili za nyumba ya dada. Dada alimuuliza mdogo wake afanye nini. Na mwalimu, aliyekataa kumwambia mama mmoja habari za mtoto mmoja, akamwambia dada yake akae. Alimweleza sababu, nami nilikuwepo. Makaburi ni mahali pazito. Ardhi ya pale haijachokonolewa, imeshikwa na mizizi, mvua inaila polepole mno. Na mahali pazito panachelewesha majirani zake, na majirani wanachelewesha majirani zao, kwa hiyo ukingo mzima utakawia pale mbele ya nyumba kwa miaka mingi. "Kaa, dada," alisema. "Wazee wanatulinda." Kisha akatua, akasema inshallah.

Dada alikaa. Nyumba za jirani zikamtazama. Familia moja ilikuwa tayari imefungua bati la choo ili wahame, ikalirudisha. Walisema kama mama mwenye ndugu msomi hahami, wao wahame kwa nini. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu, mwanamke mmoja akiyasema kwa kucheka huku akitwanga, na nikacheka naye.

Mwalimu alistaafu, tukawa tunaonana mara chache. Baada ya mvua za vuli mwaka jana alikuja nyumbani kwangu Kibaha bila taarifa. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, akainywa ikiwa ya moto. Hapo nilijua kuna jambo.

Alisema makaburi yamebaki juu ya ulimi wa ardhi. Ukingo haukungoja. Ulipita kulia na kushoto kwa makaburi, na kutoka kila upande ulikuwa unazunguka nyuma, kwenye nyumba. Yeye alikuwa akipima juu, na mchanga ulikuwa ukitoka chini. Kulikuwa na pango chini ya majani ambamo mtu angeweza kusimama, na juu yake palikuwa na kijiti chake, kimesimama wima palepale alipokipigilia. Kaburi la pembeni, la shangazi yao, lilikuwa limebaki nusu.

"Ile kanuni ya jirani kumngoja jirani niliiweka mimi," aliniambia. "Mchanga haukuniahidi. Wanaongojana ni watu."

Nilimwambia basi twende tukamtoe. Akasema ameshakwenda, na ameshakwenda tena. Alimpelekea dada yake michoro, akamwonyesha vipimo vipya, akamweleza alipokosea, na dada alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia kwamba hesabu alishamletea, na alizikubali, na hawezi kuhama kila mdogo wake anapobadili mawazo. Aliomba niende naye. Nadhani aliniomba kwa sababu maneno ni kazi yangu. Niliogopa, na nilimwambia kwamba naogopa.

Tulikwenda mwanzoni mwa masika, kabla mvua haijafungulia. Tulipanda pikapu ya mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa mageti pale Mlandizi. Mawingu yalikuwa yamejaa tangu asubuhi na joto lilikuwa limebana. Nilipoiona nyumba nilitamani tugeuze. Pale tulipokuwa tukianika mihogo hapakuwepo tena. Mlango wa nyuma ulifunguka kwenye ukanda wa ardhi mwembamba, ng'ombe asingeweza kugeuka pale, na baada ya hapo hakuna kitu. Ile sauti ya mchanga sikuhitaji tena kuitafuta. Ilikuwa inatoka pande tatu.

Dada alitupokea vizuri. Alituwekea mkeka upande wa mbele, akatuletea mihogo ya kuchemsha na nazi, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja kwa majina. Nilijaribu maneno yangu. Nilimweleza habari za mvua, nikamwambia Kibaha nina chumba, nikamwambia wajukuu zake watamlaumu. Aliitikia kila kitu kwa adabu, na hakusogea. Kisha alimgeukia mdogo wake.

"Uliponiambia nikae, uliniletea hesabu," alisema. "Leo umeniletea hesabu zipi?"

Mwalimu alikuwa na mfuko wa karatasi mapajani. Nilimwona akiushika, nikajua ataufungua, na moyoni nikamwomba asiufungue. Aliuweka chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliongea akimtazama mtu usoni.

"Sina hesabu, dada. Naogopa."

Dada alimtazama, na nikaona uso wake ukibadilika, ule ukali ukimtoka, akabaki mtu mzima aliyechoka. Aliinuka, akaingia ndani, na tukasikia sufuria zikigongana. Alipotoka alikuwa amefunga kanga kiunoni na amebeba godoro kichwani, na akamwamuru mdogo wake aache kukaa kama mgeni.

Tulipakia haraka. Fundi wa mageti hakutaka kuzima injini. Dada aliomba dakika moja, akaenda upande wa makaburi hadi pale tulipomzuia, akasimama akiinua viganja, kisha akarudi na kupanda mbele bila kusaidiwa. Mimi nilipanda nyuma na magodoro. Nilikuwa na furaha hata nikaona haya, nikawa natamani gari liondoke tu.

Ndipo nilipowaona. Walikuwa wametoka kwenye milango ya nyumba zote, kulia na kushoto, wamesimama, watoto wameshika nguo za mama zao. Walikuwa wakitazama vyombo vya dada juu ya gari. Yule mwanamke wa kinu alipiga hatua moja barabarani. Safari hii hakuwa anacheka.

"Mwalimu," alisema, "na sisi je?"

Mwalimu alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye bampa. Nilimwona akizitazama zile nyumba, moja baada ya nyingine, na kila mtu aliyesimama mlangoni. Kisha akashusha mguu, akamwambia fundi atupeleke mimi na dada Kibaha, asimngoje, yeye anabaki kuwaambia na hawa wahame. Dada alianza kumwita kwa jina la utotoni, naye mwalimu hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba iliyo karibu zaidi na shimo, akavua viatu mlangoni, akapiga hodi ingawa wenyewe walikuwa nje wakimtazama. Tone la kwanza lilipiga bati kabla hawajamkaribisha.